UZI: Nilivyoituliza ekzosi iliyotobolewa bila kuikaba injini

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za wakati huu. Miezi michache iliyopita nilinunua pikipiki, Boxer 150 iliyokwishatumika, hapa Dar es Salaam, kutoka kwa kijana aliyekuwa akiifanyia kazi ya bodaboda. Injini ilikuwa nzima na fremu haikuwa na kovu la ajali, ila ekzosi ilikuwa imetobolewa: nyuma ilikatwa kwa grenda, matumbo yote ya ndani yakatolewa, kisha kifuniko kikachomelewa upya kikiwa na tundu moja kubwa katikati. Kijana alinieleza kwa fahari kwamba sasa pikipiki inapumua. Alfajiri ya kwanza nilipoiwasha uani, mtoto wa mpangaji mwenzangu aliamka akilia, na mzee wa nyumba ya pili, ambaye hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu, alitoka nje akauliza kama kuna mtungi wa gesi umelipuka.

Ningeweza kununua ekzosi mpya, na zilizouzwa kama mpya nilikwenda kuziona dukani, lakini nyingi zilikuwa za bati jepesi kiasi kwamba ukiligonga kwa kucha linaitika. Isitoshe, nakiri kwamba mlio mzito wa injini ya silinda moja naupenda. Nilichotaka ni kuuondoa ule ukali unaopasua masikio, nibaki na uzito. Nimefanya majaribio matatu, mawili yakaharibika, na la tatu ndilo ninalotembelea hadi leo. Naandika kwa urefu kwa sababu nilipokuwa natafuta maelezo ya jambo hili kwa Kiswahili sikuona zaidi ya ushauri wa "mpelekee fundi".

Kwanza tuelewane kwenye maneno, maana nimeona watu wakibishana kumbe kila mmoja anasema kitu chake. Mafundi wengi wa huku wakisema "silensa" wanakusudia injini ikiwa imewaka bila kuvutwa resi, ilhali kuna wenzetu wanaoliita hilo hilo dumu la nyuma linalozima sauti. Mimi nitaliita dumu hilo ekzosi, bomba linalotoka kwenye injini nitaliita bomba la mbele, na kile kipande cha ndani chenye matundu, ambacho ndicho kiini cha uzi huu, nitakiita kibomba.

Sasa, kelele inatoka wapi? Injini ya mipigo minne huchoma mafuta mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa hiyo ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, valvu ya moshi hufunguka mara 25 kwa sekunde, na kila ikifunguka, gesi yenye shinikizo kubwa huchomoka kwa kishindo. Ikizunguka mara 6,000, vishindo vinakuwa 50 kwa sekunde. Hizo ni sauti za chini sana, na sikio la binadamu halizisikii kwa nguvu kama linavyozisikia sauti za juu. Ule ukali unaomwamsha mtoto hautokani na vishindo vyenyewe. Unatokana na mirindimo inayoambatana navyo, ya mamia na maelfu ya mitetemo kwa sekunde, inayozaliwa kwa sababu kila kishindo kinaanza ghafla mno. Ukiipunguza hiyo ya juu na kuiacha ya chini, mlio unakuwa mzito na wa heshima. Ukiziba kila kitu kwa pamoja, unapata pikipiki iliyofungwa pumzi, na kelele bado inabaki.

Hilo la mwisho nilijifunza kwa gharama. Katika jaribio la kwanza nilikata bati la milimita 3, nikatengeneza visahani vitatu, kila kimoja nikakitoboa tundu moja la milimita 12 katikati, nikavichomelea ndani ya ekzosi kwa kupishana. Kelele ilipungua kweli. Lakini pikipiki haikupanda tena kilima ikiwa na abiria, bomba la mbele lilikuwa likibadilika rangi kwa joto, na resi ilikuwa ikipokelewa kwa kuchelewa kama mtu aliyeamshwa usingizini. Baadaye nilikaa na kalamu nikaona upumbavu wangu. Bomba la kuingilia lina kipenyo cha ndani cha milimita 25, yaani eneo la takribani milimita za mraba 491. Tundu la milimita 12 lina eneo la milimita za mraba 113 tu. Nilikuwa nimeilazimisha injini kutolea moshi kwenye nafasi isiyofika robo ya ile iliyokusudiwa, na si mara moja, mara tatu mfululizo.

Jaribio la pili nililifanya kwa kwenda upande wa pili kabisa. Nilichukua bomba nyoofu, nikalitoboa matundu mengi, nikalizungushia stiliwaya ya kusugulia masufuria, nikalipachika ndani ya ekzosi tupu. Siku za mwanzo nilifurahi, maana ule mluzi wa juu ulikuwa umepotea na pikipiki ilikuwa nyepesi. Lakini mvumo wa katikati, ule unaogonga kifua cha mtu anayesubiri kituoni, ulibaki vilevile. Na haikuchukua wiki mbili kabla stiliwaya haijaanza kutoka nyuma kama masizi yenye kumeta: nyuzi zake ni nyembamba mno, zinaungua, zinashika kutu, na gesi inazipuliza nje kidogo kidogo. Kelele ikarudi yote.

Sababu ya mvumo kubaki inaeleweka ukiikumbuka kasi ya sauti. Kwenye hewa ya kawaida sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, lakini ndani ya gesi yenye joto la nyuzi 300 hufika karibu mita 480. Mrindimo wa mara 50 kwa sekunde, kwa kasi hiyo, una urefu wa wimbi wa zaidi ya mita 9. Tabaka la stiliwaya, au la pamba yoyote ya kuzuia sauti, la sentimita mbili na nusu haliwezi kulifanya lolote wimbi la urefu huo, na hata mvumo wa mara 400, wenye wimbi la mita 1.2, unapita juu yake bila kusumbuka. Pamba inafaa kwa mawimbi mafupi, yaani sauti za juu. Kwa zile za kati kinachotakiwa ni chumba: mahali ambapo gesi inatoka kwenye bomba jembamba na kuingia ghafla kwenye nafasi pana, ili sehemu ya wimbi irudi ilikotoka na kugongana na inayofuata. Chumba kinafanya kazi vizuri zaidi urefu wake unapokuwa robo ya wimbi. Chumba cha sentimita 30 kwa hiyo kinalimeza vizuri wimbi la mara 400 kwa sekunde, lakini lile la mara 800 kinalipitisha kana kwamba hakipo. Ndiyo maana ekzosi za kiwandani huwa na vyumba viwili au vitatu visivyolingana, ili upofu wa kimoja uzibwe na mwenzake. Matumbo yale tunayoyatupa dampo kama takataka yalipigiwa hesabu na mtu.

Jaribio la tatu, basi, nimelichanganya. Ekzosi yangu kwa ndani ina urefu wa sentimita 30 na kipenyo cha sentimita 8. Nimeigawa kwa ukuta wa duara uliochomelewa kwenye kibomba, sentimita 18 kutoka mbele. Katika chumba hicho cha kwanza kibomba kimezibwa kabisa katikati, kwenye sentimita ya 9. Kabla ya kizibo kuna matundu 45 ya milimita 5, na baada yake mengine 45. Gesi ikifika kwenye kizibo haina pa kwenda ila kutoka kupitia matundu ya kwanza, kutawanyika chumbani, kisha kurudi ndani ya kibomba kupitia matundu ya pili. Matundu 45 yana jumla ya eneo la milimita za mraba zipatazo 880, karibu mara mbili ya eneo la bomba, kwa hiyo injini haikabwi. Baada ya ukuta kuna chumba cha sentimita 12, ambamo kibomba kinapita moja kwa moja kikiwa na matundu madogo pande zote, na kimezungushiwa pamba ya faibaglasi ya kushika mluzi uliobaki.

Kibomba chote kinaingia kutokea nyuma na kushikwa na boliti tatu. Nikitaka kukikagua, nafungua kwa spana namba 10 na kukivuta. Nilipima kwa simu, nikiwa nimesimama mahali palepale na kuvuta resi ileile, na tofauti kati ya ekzosi tupu na hii ilikuwa karibu desibeli 10. Kwa sikio la kawaida hiyo ni kama kelele kupungua nusu. Mlio uliobaki ni wa chini, wa mviringo, na mzee wa nyumba ya pili amerudi kwenye salamu zake.

Karibuni kwa maswali na masahihisho, hasa kutoka kwa mafundi wenyewe.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, uzi umeshiba. Nina swali moja. Nimesikia kwa mafundi wengi kwamba injini inahitaji ule msukumo wa kurudi nyuma ili isiunguze valvu, na kwamba ndiyo maana ekzosi tupu inaua injini. Wewe umejitahidi kupunguza kizuizi. Je, hukuogopa?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, hapo pana ukweli uliovaa nguo za uongo. Injini haihitaji kusukumwa kwa nyuma. Kila nguvu inayoitumia kutoa moshi ni nguvu iliyonyang'anywa tairi. Kinachotokea ni kwamba kabureta ilipimwa kiwandani pamoja na ekzosi yake. Ukiondoa matumbo, mtiririko wa gesi unabadilika, na kwenye baadhi ya resi injini inavuta hewa nyingi kuliko mafuta iliyopangiwa. Mchanganyiko mkavu wa namna hiyo unapandisha joto ndani ya silinda, na joto hilo ndilo linaloweza kuumiza valvu. Kwa hiyo fundi anaona madhara sahihi ila anamlaumu asiyehusika.

Njia rahisi ya kujua ni kuitazama plagi baada ya mwendo mrefu. Ikiwa na rangi ya kahawia nyepesi, kama chai ya maziwa, uko salama. Ikiwa nyeupe, mafuta hayatoshi, na itabidi ubadilishe jeti, kile kitundu cha kupitishia mafuta ndani ya kabureta, au uongeze kidogo kwenye skrubu ya kabureta. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, mafuta yamezidi au ekzosi imeziba. Yangu katika jaribio la kwanza ilikuwa nyeusi, wakati ekzosi ilipokuwa tupu ilikuwa nyeupe, na sasa imekuwa kahawia bila kuigusa kabureta kabisa.

Mchangiaji wa pili

Nakubaliana na maelezo ya kitaalamu, ila niseme la upande wangu kama dereva wa bodaboda. Sauti kubwa inaniokoa. Dereva wa daladala haangalii kioo, na asiponiona basi angalau anisikie. Mkitutaka tuwe kimya tutakufa.

Mwanzisha uzi

Mkuu, nakuelewa, na barabara zetu sizitetei. Lakini angalia ekzosi yako imeelekea wapi: imeelekea nyuma. Anayeisikia kwa ukamilifu ni yule uliyekwishampita, pamoja na abiria wako na wewe mwenyewe. Daladala unayoikaribia iko mbele, injini yake inanguruma, redio imefunguliwa, na sauti yako inamfikia dereva ukiwa tayari ubavuni mwake. Honi na taa zimeelekea mbele kwa sababu hiyo.

Tena umesahau masikio yako. Kiwango kinachotumika sana katika afya ya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kwa hesabu ya taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, kila zikiongezeka desibeli 3 muda unaoruhusiwa unapungua nusu. Ukifika desibeli 94 umebakiwa na saa moja tu. Wewe unakaa juu ya pikipiki kuanzia alfajiri hadi usiku.

Fundi wa kuchomelea, Morogoro

Hongera kwa kazi nzuri, mkuu. Mimi ni fundi wa kuchomelea, na nina mambo ambayo hukuyataja, na mengine ni ya hatari.

La kwanza, hukusema kibomba chako ni cha chuma gani. Vijana wengi wanakwenda kuchukua kipande cha bomba la maji, lile la mabati, kwa sababu kipenyo kinalingana. Bomba hilo limepakwa zinki, na zinki ikiungua inatoa moshi mweupe ambao ukiuvuta unakupa homa usiku huohuo, na baridi na maumivu ya mwili kama malaria. Nimeona mafundi wakinywa dawa ya malaria kumbe ni moshi wa kazi. Tumieni bomba jeusi la kawaida, au stenlesi kwa mwenye uwezo. Na ekzosi yenye kromu ing'arishwe kwa tupa hadi kwenye chuma kitupu mahali pa kuchomelea, kazi ifanyike nje kwenye upepo, maana moshi wa kromu ni mbaya zaidi.

La pili, ivueni ekzosi kwenye pikipiki kabla ya kuchomelea. Kama mtu hawezi kuivua kwa sababu yoyote ile, achomoe betri, la sivyo umeme wa mashine utatafuta njia kupitia waya za pikipiki.

La tatu ni swali. Je, umekichomelea kibomba mbele na nyuma? Nimeletewa nyingi zilizopasuka mahali hapo, na mteja anasema fundi wa kwanza hakujua kazi.

Mwanzisha uzi

Asante sana, fundi. Bomba langu ni jeusi, lakini ulivyosema inafaa kurudiwa kila siku. Kuhusu swali lako, mbele sikukichomelea. Kimeingia tu kwenye mdomo wa bomba la kuingilia kwa nafasi ndogo ya kuteleza. Chuma cha urefu wa sentimita 30 kikipanda joto kwa nyuzi 300 kinarefuka kwa takribani milimita moja, na kibomba cha ndani kinapata joto kuliko ganda la nje. Ukikibana pande zote mbili, ile milimita itatafuta pa kutokea, na itapasua palipo dhaifu.

Fundi wa kuchomelea, Morogoro

Hapo umenijibu vizuri. Basi na zile zilizopasuka nimezielewa. Nilikuwa nadhani ni waya mbaya wa kuchomelea.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Salamu kutoka huku. Mimi naendesha pikipiki kubwa ya silinda mbili zilizokaa kwa umbo la V, yenye mabomba manyoofu ambayo yalikuja na vibomba vya kuchomolewa. Aliyeniuzia alikuwa amevitupa. Nilipofunga vibomba vipya nilishangaa kwamba pikipiki haikupoteza nguvu. Kwenye resi za chini iliongeza, na ule mtikisiko wa kukata moto pale taa za barabarani ulikwisha.

Nataka kuongeza jambo kuhusu kuzungushia pamba, kwa sababu hapo watu wengi wanakosea kwa kudhani kwamba kadiri inavyobanwa ndivyo inavyozuia sauti. Pamba inafanya kazi kwa sababu hewa iliyo katikati ya nyuzi inatetemeka na kusugua nyuzi hizo, hivyo nguvu ya sauti inageuka joto. Ukiishindilia hadi iwe kama ubao, wimbi linagonga na kurudi. Ukiilegeza mno, gesi inaitafuna na kuipuliza. Mimi naizungusha ikae imara bila kuibana, naifunga kwa waya mwembamba wa stenlesi, na tabaka la kwanza linalogusa matundu naliweka la stenlesi iliyosokotwa, siyo stiliwaya ya jikoni, ili faibaglasi isipigwe na moto moja kwa moja. Mvae glavu na barakoa, na mikono mirefu. Mimi mara ya kwanza nilivaa fulana, nikajikuna siku mbili.

Kisheria, huku Kenya tuna kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo iliyozidi za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira, na zinagusa magari pia. Sijui wenzetu mmejipangaje.

Mchangiaji wa tatu

Kwa Tanzania zipo kanuni za viwango vya kudhibiti uchafuzi wa kelele na mitetemo za mwaka 2015, na zinasimamiwa na baraza la taifa la mazingira, NEMC. Ila naona mjadala wa kweli uko kwenye kipimo. Mwanzisha uzi amepima kwa simu, na kipaza sauti cha simu kimetengenezwa kwa ajili ya maongezi; kelele ikizidi kinajikata chenyewe. Namba anayoiona huenda si halisi.

Mwanzisha uzi

Ni kweli, na ndiyo maana nilitaja tofauti badala ya namba yenyewe. Nilisimama mbali kidogo ili simu isizidiwe, na nilirudia mara tano kila upande. Anayetaka kupima kwa utaratibu unaotambulika kimataifa kwa chombo kilichosimama, kipimo kinawekwa nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, kwa pembe ya nyuzi 45 na mwelekeo wa moshi, na injini inavutwa hadi nusu ya mizunguko inayoipa nguvu yake ya juu kabisa, ikiwa mizunguko hiyo inazidi 5,000. Boxer 150 inatoa nguvu yake ya juu kwenye mizunguko 7,500, kwa hiyo inapimwa kwenye 3,750. Kisha resi inaachiwa, na kipimo kinaendelea kusoma wakati injini inashuka, maana mara nyingi kelele mbaya iko hapo kwenye kushuka.

Mchangiaji wa nne

Umegusa penyewe hapo kwenye kushuka. Yangu nikiachia resi inapiga "pa-pa-pa" kama bunduki, watu wanadhani nafanya makusudi. Nimebadilisha ekzosi lakini bado.

Fundi wa kuchomelea, Morogoro

Angalia gasketi pale bomba la mbele linapokutana na kichwa cha injini, kabla hujatumia hela nyingine. Gasketi ikichoka, kila ukiachia resi hewa safi inavutwa ndani kupitia ule mwanya, inakutana na mafuta ambayo hayakuungua, na yanalipukia ndani ya bomba lenye moto. Washa injini ikiwa ya baridi, mwambie mtu azibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, wewe sikiliza mbele. Ukisikia "chii", umempata mwizi. Gasketi hiyo ni ya bei ndogo, na ukifungua ekzosi kwa sababu yoyote ile usirudishe ya zamani.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Naona wengi wenu mko bara, mwasahau kutu. Huku pwani chumvi ya bahari yala ekzosi kwa nje, lakini kinachoimaliza zaidi kimo ndani. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji yapatayo lita moja. Injini ikiwa moto maji hayo yatoka kama mvuke, lakini mwenye safari fupi fupi, sokoni na kurudi, ekzosi yake haipati joto la kutosha kuyakausha. Maji yabaki chini, tena yana asidi kidogo. Ukuta wa duara aliouweka ndugu yetu, usipokuwa na tundu la chini kabisa, utafanya kisima kwenye chumba cha kwanza, na ile pamba ya chumba cha pili italowa. Pamba iliyolowa haizuii sauti.

Mimi hutoboa tundu la milimita 3 chini kabisa ya kila chumba, upande unaokaa chini pikipiki ikiwa kwenye stendi ya pembeni. Kelele inayopita hapo ni ndogo mno.

Mwanzisha uzi

Mzee wangu, asante sana. Hili sikulifikiria hata kidogo. Jioni hii nimekivuta kibomba nikakuta chini ya ukuta pameshaanza rangi ya kutu, na upande wa pamba una unyevu. Nimetoboa matundu mawili kama ulivyoelekeza, na pamba nimeianika.

Mchangiaji wa tano

Wakati mkisubiri pamba ikauke, niwape kisa kidogo. Mmarekani Hiram Percy Maxim, aliyepata hataza ya kizima-sauti cha bunduki mwaka 1909, ndiye ambaye kampuni yake ilitengeneza pia vizima-sauti vya injini. Wazo ni lilelile analolieleza mwanzisha uzi: gesi ipewe nafasi ya kutanuka na kupoa kabla haijafika nje. Ninachotaka kujua, kwenye baadhi ya pikipiki za Bajaj kuna kichupa kilichochomoza pembeni mwa bomba la mbele, karibu na injini. Fundi wangu anataka kukikata na kuziba, anasema ni urembo unaookota matope.

Mwanzisha uzi

Usimruhusu. Hicho kichupa Bajaj wanakiita ExhausTEC, na kazi yake ni kupokea na kurudisha mawimbi ya gesi ili injini ipate nguvu zaidi kwenye resi za chini, pale unapoondoka na mzigo. Ukikikata utaondoka kwa kuvuta resi nyingi zaidi, na resi nyingi ndiyo kelele tuliyokuwa tunaikimbia.

Mchangiaji wa kwanza

Nimeshawishika, nataka kujaribu. Ila ekzosi yangu haijatobolewa, ni ya kiwandani na ni nzima, ni kwamba tu mlio wake ni mwembamba kama cherehani. Naweza kuikata nikaweka kibomba kama chako?

Mwanzisha uzi

Kwa dhati nakushauri usiikate. Kama ni pikipiki ya miaka ya karibuni, huenda ndani mna kichocheo cha kusafisha moshi, na ukikata hapo unaharibu kitu ambacho mimi na fundi wa mtaani hatuwezi kukirudisha. Tafuta kwanza ganda la ekzosi chakavu kwa wauza vyuma, ulijaribie hilo, la kwako ulihifadhi kama lilivyo.

Na kabla hata ya hapo, kagua boliti zinazoshikilia ngao ya joto. Ngao ikilegea inatetemeka pamoja na injini, na mlio wa cherehani unaoulalamikia mara nyingine ni bati hilo tu. Ishike kwa kitambaa kinene injini ikiwa inawaka, usikilize kama mlio utabadilika.

Mchangiaji wa kwanza

Nimeishika. Umebadilika. Boliti moja haipo kabisa.

Fundi wa kuchomelea, Morogoro

Weka boliti pamoja na washa ya springi, ile pete inayoizuia isilegee, mkuu, la sivyo wiki ijayo utakuwa unaitafuta tena barabarani.